Kijiti Ukingoni mwa Gura

Kabla ya kuunga fimbo yake ya kuvulia, kabla hata ya kumimina chai, Guka huvunja kijiti cha mwanzi, hushuka ukingoni na kukichomeka pale hasa maji yanapokomea. Kisha hurudi, huketi juu ya jiwe na kuanza kufunga nzi wake wa manyoya kwenye uzi, polepole, kama mtu ambaye siku yote ni yake. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilidhani ni mila ya kwao, nikaona si adabu kuuliza. Nilikuja kuelewa mchana wa siku hiyohiyo, nikiwa nimelowa hadi kifuani, meno yananigongana.

Namwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, kwa kuwa ndivyo wanavyomwita wajukuu zake na karibu kila mtu kijijini kwao, kwenye ukingo wa msitu wa Nyandarua upande wa Nyeri. Tangu ujana wake amekuwa akiwaongoza wavuvi wa trauti kwenye mito ya huko: Gura, Chania, Magura. Mimi ni mwana wa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Kazi ndiyo iliyonipandisha bara, miaka kadhaa sasa, na niliposikia kuna watu wanaovua samaki mlimani, kwenye maji yanayokaribia ubaridi wa barafu, sikulala vizuri wiki nzima. Baba yangu ni mvuvi, babu yangu alikuwa mvuvi. Sikufikiri kuna jambo kubwa la kujifunza isipokuwa namna ya kurusha mshipi.

Kurusha kwenyewe ni elimu. Kwetu uzito uko kwenye chubwi: unaitupa, nayo inauvuta mshipi na chambo kwenda chini. Huku mambo yamegeuzwa. Mshipi ndio mzito, na mwisho wake kuna uzi mwembamba wenye ndoana ndogo iliyovishwa manyoya ya kuku ifanane na mdudu. Unaupeleka mshipi nyuma, unaungoja unyooke hewani, ndipo unaurudisha mbele, na yule nzi hutua juu ya maji bila kishindo. Upepo ukigeuka ghafla, ndoana hugeuka nao, ndiyo maana Guka hamruhusu mtu kurusha bila kofia na miwani.

Trauti naye ni mgeni huku, kama mimi. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, aliagiza mayai ya samaki hao kutoka Uskoti, na mto wa kwanza kuwapokea ulikuwa huuhuu wa Gura. Mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kutotoleshea trauti pale Kiganjo, na kutoka hapo mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ikawa inaongezewa vifaranga. Samaki huyu anataka maji baridi yenye hewa nyingi. Maji yakipata joto, pumzi humwisha. Kwa hiyo hakai mahali penye hali nzuri ya hewa. Anayemtaka humfuata hadi mita 2,300, hadi 3,000, kwenye mianzi na juu zaidi kwenye nyasi za mafungu, ambako asubuhi unakanyaga sakitu nyeupe, yaani umande ulioganda, na alasiri unapigwa na mvua ya mawe.

Safari ile ya kwanza ilikuwa Novemba, katikati ya vuli.

Niseme kwanza nilichokwenda nacho kichwani. Baba alinifundisha kusoma mbingu nikiwa mdogo. Kipini unasimama ufukweni na mbingu yote iko mbele yako. Wingu la mvua unaliona likiwa mbali, unaona linavyotembea, unapima kama litakukuta au litapita kuelekea Lamu. Alfajiri umande huvuma kutoka nchi kavu na kuzisukuma ngalawa nje. Jua likipanda, matlai huvuma kutoka baharini na kuzirudisha. Kaskazi ina dalili zake na kusi ina zake. Nilikwenda Gura nikiamini macho yangu yanatosha.

Lakini bonde la Gura limebanwa. Ukisimama mtoni unaona kipande cha mbingu tu, kama leso iliyoanikwa kati ya kilima na kilima. Siku ile kipande changu kilikuwa buluu tupu. Nilivaa jinzi, fulana ya pamba na sweta nyepesi ya pamba. Koti la mvua nililiacha garini kwa sababu jua lilikuwa linachoma na sikuona wingu.

Tulivuka mto saa mbili asubuhi, maji yakiwa magotini, maangavu hata unazihesabu kokoto. Kufika saa tano nilikuwa nimempata samaki mmoja, nikamrudisha majini, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Guka akainuka, akaenda kukitazama kijiti chake. Hakikuwa tena ukingoni. Kilikuwa kimesimama ndani ya maji, nayo yamekipita upana wa vidole vitatu.

"Tuvuke," akasema.

Nikatazama juu. Buluu. "Lakini Guka, hakuna mvua."

"Hapa hakuna." Akaelekeza mkono mtoni juu, kwenye kona ambapo bonde linapotea. "Angalia yanaleta nini."

Nikaangalia. Majani makavu, vipande vya nyasi, povu lenye rangi ya chai ya maziwa. Zile kokoto nilizozihesabu asubuhi zilikuwa zimefifia kama vitu vinavyotazamwa kupitia kioo chenye mvuke. Nikaomba nirushe mara moja tu. Alinyamaza, si mtu wa kubishana. Ile mara moja ikawa tatu, na tulipoingia majini yalikuwa yanatufika mapajani, mazito, yanasukuma. Katikati ya mto jiwe likaviringika chini ya mguu wangu. Guka alinidaka kwa mkanda wa mkoba. Nilitoka upande wa pili nikiwa mzima, nimelowa chapa, na nusu saa baadaye ile mvua iliyokuwa huko juu ikatufikia na mawe yake.

Tulikuwa na mwendo wa saa moja na nusu hadi kwenye gari. Nilitetemeka sana mwanzoni. Kisha kutetemeka kukapungua, nikaona afadhali, nikataka niketi kidogo chini ya mti. Guka akasimama mbele yangu. "Mwanangu, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho." Nikajaribu. Mkono wa kulia ulikataa.

Hapo hakusema neno lingine. Alinivua nguo za juu kama anavyovuliwa mtoto, akafungua mkebe wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia, aliokuwa ameubeba mgongoni tangu asubuhi, ambao mimi nilidhani una chakula, akatoa sweta ya sufu, kofia na soksi, vyote vikavu. Akanifunika kwa koti lake la mvua. Akanitafunisha kipande cha sukari guru na kunimiminia chai ya moto kutoka kwenye thamosi. Tulisimama chini ya mwamba mpaka mikono yangu ikakunjuka. Tulipofika garini ndipo akasema: "Baridi ya mvua ndiyo inayomaliza watu huku. Ya barafu wanaiogopa, wanajifunika."

Kilichoniuma wiki ile hakikuwa baridi. Ni kwamba somo lile nilikuwa nalo tangu utotoni. Kipini, mto ulikuwa ukibadilika rangi katikati ya jua kali. Maji yalikuja mekundu, mazito, na magogo, na visiwa vizima vya majani vikielea, na kwetu halijadondoka hata tone. Baba alikuwa akisema tu, "Mto umeleta maji ya bara," kisha anaipandisha ngalawa juu zaidi na kuhamisha nyavu. Hakuangalia juu hata mara moja. Alijua mbingu ya mto haiko Kipini. Na maji yale yalitoka wapi? Gura inaingia Sagana, Sagana ndiyo Tana, na Tana hutembea kilomita zipatazo 1,000 hadi mlangoni kwetu. Nilikuwa nimesimama kichwani pa mto wa utoto wangu na sikuutambua.

Tangu siku ile, nikijiandaa kwa safari ya mlimani, naiandalia mbingu nisiyoiona. Ile iliyo juu ya kichwa changu naishughulikia kwa kofia.

Nianze na nguo, kwa sababu hapo ndipo watu wa pwani na watu wa mjini tunapopotea. Pamba ni rafiki wa joto. Ikilowa hunywa maji, hukaa nayo, na hukunyonya joto mwilini hadi ikauke, na mlimani haikauki. Sufu ikilowa bado inashika joto. Siku hizi fulana yangu ya ndani ni ya sufu nyembamba, juu yake sweta ya sufu, juu yake koti la mvua lenye kofia. Zote nimezipata kwenye mitumba, na bei yake haikufika hata nusu ya kiatu kipya. Jinzi haipandi mlimani tena. Kichwani navaa mavin, kofia ya kufuma inayobana kichwa, na huwa nina ya pili kavu.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni jasho. Ukipanda mlima umevaa kila kitu, unafika mtoni umelowa kutoka ndani, na koti zuri kiasi gani halikusaidii. Kwa hiyo nikianza kutembea naanza nikisikia baridi kidogo. Nikifika, kabla ya kusimama kwenye upepo, navaa. Ni jambo dogo lakini limenipa siku nyingi za raha kuliko koti lenyewe.

Nguo za akiba zinakaa kwenye mkebe wa Kasuku, kama wa Guka, kifuniko kimekazwa. Zamani watu walifungia nguo kwenye mifuko ya plastiki. Tangu marufuku ya Agosti 2017 mkebe umekuwa bora zaidi, na haupasuki. Ndani yake kuna sweta, soksi, mavin, kiberiti na sukari guru. Nimejiwekea sheria: mkebe haufunguliwi kwa sababu ya raha. Nikihisi baridi ya kawaida navaa nilivyo navyo. Mkebe ni wa siku ya kuanguka mtoni, na ukiufungua, safari imekwisha, mnarudi.

Kwa wanaotumia suruali ya mpira inayofika kifuani: mkanda wa kiunoni ukazwe, kila mara, hata kwenye maji ya kifundoni. Ukianguka bila mkanda, maji huijaza suruali na kusimama kwenye mkondo kunakuwa kazi ya watu wawili.

Nimejifunza pia kuusoma utabiri kwa hesabu. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kaunti, nami huusoma kabla ya safari, lakini mji wa Nyeri uko chini, kwenye mita 1,800 hivi, na pale ninapovua panaweza kufika 3,000. Hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Wakisema Nyeri mchana ni nyuzi 22, mimi naandika 14 kwenye daftari, na hapo sijahesabu upepo wala mvua. Usiku naweza kukuta maji yameganda kwenye sufuria. Huko juu kuna lobelia kubwa ambazo hukunja majani yake jioni na kulifunika chipukizi la katikati, kisha huyafungua jua likichomoza, kila siku ya maisha yao. Ukiziona zimefumba na wewe bado uko mtoni, umechelewa.

Upepo ndio ulionipatanisha na mlima. Nilikaa muda mrefu nikidhani kule hakuna utaratibu, mpaka siku moja alfajiri nikiwa nimelala kambini nikasikia upepo baridi ukiteremka bondeni kufuata mto. Ilipofika saa tatu, jua limepiga miteremko, ukageuka na kuanza kupanda. Nilikaa kitako. Ulikuwa ni umande na matlai! Usiku hewa ya baridi huteremka, mchana hewa iliyopata joto hupanda, na inapopanda hubeba unyevu, unyevu unakuwa ukungu, ukungu unakuwa wingu, wingu linashusha mvua baada ya adhuhuri. Kwa sababu hiyo nawahi mtoni kukipambazuka, na saa tano, mbingu iweje, niko upande wa mto ulio na njia ya kurudi. Kuvua naendelea, lakini kwa kuvuka nimemaliza.

Hata misimu ni ileile ya baharini, imevaa nguo nyingine. Januari na Februari, kaskazi inapowapeleka wenzetu kusini kwa matanga, mlima huwa mkavu na mito myembamba. Hiyo ndiyo miezi ya mtu anayeanza. Kusi ya katikati ya mwaka hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi hadi huku na kuulaza juu ya milima. Wakikuyu huuita msimu huo gathano: Julai na Agosti za ukungu, manyunyu na jua la kuomba. Mvua zenyewe kubwa, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, ziko pale pepo zinapopokezana. Nilipomweleza Guka kwamba ukungu wake unatoka kwenye bahari ya baba yangu alicheka kwa furaha, akaniambia basi wewe si mgeni.

Sitaki mtu asome haya akadhani ni mambo ya wavuvi peke yao. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa juu ya mji wa Mai Mahiu yalipasua kizuizi na kuwashukia watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Nimepita pale mara nyingi nikienda Naivasha na kila mara nanyamaza. Maji yanayokusanyika juu yako hayakutumii salamu.

Mtoni dalili zipo, lakini ni ndogo, na zinakuja kwa mpangilio ambao sasa naujua: kwanza takataka nyepesi, majani na vijiti, kwa sababu maji yanayopanda huzoa ukingo. Kisha rangi. Kisha sauti, ambayo huwa nzito zaidi, na wakati mwingine unasikia mawe yakigongana chini. Ukisubiri sauti umesubiri sana. Kijiti cha Guka kinatangulia zote, kwa sababu jicho la binadamu haliwezi kuona maji yakipanda kidole kimoja kwa robo saa, hasa jicho linalomtafuta samaki.

Kuhusu radi nitasema kwa ufupi. Fimbo nyingi za sasa ni za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ukiinyanyua kwenye uwanda wa nyasi wewe ndiye mti mrefu. Hesabu kutoka mwanga hadi ngurumo: sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa pungufu ya thelathini, laza fimbo chini, toka majini, ondoka mgongoni mwa kilima na mbali na mti uliosimama peke yake, na usirudi mpaka ipite nusu saa bila ngurumo. Samaki wanaweza kungoja.

Guka hapendi nikimsifu kwa haya. Anasema aliyajua kutoka kwa wakubwa wake, waliokaa msituni miaka ya vita vya uhuru, mvua na baridi juu yao, bila paa. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipokamatwa Oktoba 1956, ng'ambo ya vilima hivihivi, alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Watu wa mjini wanaiona ile ngozi kwenye picha wakadhani ni pambo la ukubwa. Guka anaiona kama vazi la mtu aliyejua kitambaa huoza msituni.

Novemba iliyopita tulirudi Gura, mimi naye. Kijiti nilikichomeka mimi. Saa nne hivi kikaanza kuoga, tukavuka maji yakiwa bado chini ya goti, tukakaa upande wa gari tukinywa chai na kula nduma, tukiutazama mto ukinenepa chini ya jua kali. Kufika saa saba kijiti hakikuonekana kabisa. Njiani kurudi, mtandao uliposhika karibu na mashamba ya chai, nikampigia baba simu. Siku hizi kuna mabwawa njiani, Masinga na mengine, yanayoyashika maji, lakini yakijaa hupitisha, na baba hupenda kujua.

"Imenyesha sana huku juu, Baba. Tangu jana."

"Maji yamepanda kiasi gani?"

"Kijiti kimezama chote."

Akanyamaza. Nilisikia upepo kwenye simu, na sauti za vijana wakivuta kitu kizito mchangani.

"Basi nitazihamisha nyavu mapema," akasema. Kisha, kabla sijaaga: "Na wewe mwanangu, uko upande gani wa mto?"

"Upande wa njia, Baba."